Aliyeshika Ufunguo wa Kanisa la Baharini

Kijijini Aberffraw hakukukosekana maneno, lakini mwenye maneno hasa alikuwa mmoja, naye ni Idwal Parry. Ujana wake wote aliumaliza akiendesha lori la maziwa, akiingia shamba hili na kutokea lile kisiwani Môn, na popote alipopakia maziwa alishusha porojo. Alipostaafu, lori akalirudisha, porojo akabaki nazo. Alibaki pia na ufunguo wa kanisa dogo la Mtakatifu Cwyfan, ambao baba yake aliushika kabla yake, na kwa ajili hiyo watu wote walimwita Idwal wa Ufunguo.

Kanisa hilo limesimama peke yake juu ya kijisiwa, na kijisiwa kimefungwa ukuta wa mawe usije ukaliwa na mawimbi kama makaburi ya zamani yalivyoliwa. Maji yakipwa unaliendea kwa miguu, ukikanyaga mawe na mwani. Yakijaa, uliyeko huko utabaki huko. Siku za kiangazi Idwal aliketi ufukweni juu ya ukuta wa shamba, chupa ya chai ubavuni, akiwangojea wageni kama wengine wanavyongoja tamthilia ya jioni.

"Asubuhi mmeiona ngome ya Beaumaris," aliwaambia, "mchana mmepanda na kushuka ngazi za mnara wa taa kule South Stack, sasa mko hapa, na jua halijazama mnataka mfike Llanddwyn. Mbona hamkukaa kwenu mkatazama picha? Mngeokoa petroli."

Wengine walicheka, wengine walinuna. Waliopuuza saa na kuzingirwa na maji ndio aliowapenda zaidi. Alisimama ukingoni, akaweka viganja mdomoni na kuwapigia kelele: "Niwaletee mablanketi, au mmekuja na yenu?" Baada ya hapo dukani na kwenye baa hapakuwa na habari nyingine wiki nzima, na kila siku maji yalizidi kina na mgeni alizidi ujinga.

Wenyeji nao hakuwasaza. Dilwyn mwenye duka, alipokuwa mchumba, alimpeleka msichana wake kanisani kule, wakajisahau, wakarudi suruali ya Dilwyn imelowa mpaka kiunoni. Idwal aliwaona. Tangu siku ile Dilwyn akawa Dilwyn Suruali, akaoa akiitwa Dilwyn Suruali, na watoto wake shuleni waliitwa wana wa Suruali. Dilwyn alicheka pamoja na wenzake, maana angefanyaje? Lakini hakuwahi tena kukanyaga mawe yale isipokuwa siku ya ibada, tena akiwa katikati ya watu.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini Idwal alipoanza kupoteza macho hakumwambia mtu.

Ilianza kwa ukungu kidogo pembeni, halafu taa za magari zikaota ndevu, halafu herufi za gazeti zikawa sisimizi. Mkewe Eluned alimwambia aende Bangor akapimwe. Akasema ataenda. Pasaka akasema tena ataenda, na akasema tena ng'ombe walipopelekwa malishoni. Ukweli ni kwamba alijua ni mtoto wa jicho, ugonjwa aliokuwa nao baba yake, na alijua unatibika. Alichokiogopa si kisu cha daktari. Alikiogopa kile kipindi cha katikati, kabla ya kisu, ambapo watu wangesema dukani: mwasikia, mlinzi wa maji haoni maji.

Mwaka ule parokia ilipata kasisi mpya, Lowri Bebb, binti wa kusini huko mabondeni, mwembamba, mwepesi wa kucheka, anayetaja maziwa kwa neno la kwao la kusini. Juma la kwanza tu Idwal alilinasa neno hilo. Kila alipomwona akawa analivuta kwa lafudhi ya kwao, hata mbele ya waumini, na watu wakicheka Lowri naye anacheka, masikio yakiwa mekundu. Hakuwa mtu wa kinyongo. Ila alianza kuyapima maneno yake kila Idwal alipokuwa karibu.

Ibada kubwa ya kule kijisiwani ilipangwa Jumapili ya kiangazi, saa nane mchana. Ilikuwa ibada ya nyimbo, na ibada ya nyimbo kwetu haina haraka: ukipendwa wimbo, ubeti wa mwisho hurudiwa, na ukirudiwa vizuri, hurudiwa tena. Asubuhi ya siku hiyo Lowri alimfuata Idwal ukutani akiwa na kijitabu cha nyakati za maji.

"Mzee Idwal, leo ni bamvua, maji makubwa. Kijitabu kinasema njia itafungwa saa tisa. Sioni kama tutawahi kumaliza."

Idwal alikipokea, akakisogeza mbali, akakileta karibu, akakitazama kwa uso wa mtu anayesoma. Aliona weupe na vijidudu. Kijitabu cha zamani, kile alichokuwa nacho baba yake, kilichapwa kwa saa za majira ya baridi, na kila mtu wa pwani hii alijua kwamba kiangazi, saa za nchi zinaposogezwa mbele, unaongeza saa moja. Hicho cha Lowri kilikuwa kipya, na chini ya ukurasa palikuwa na mstari mdogo unaosema saa zimekwisha kuongezwa. Idwal hakuuona mstari huo. Na kuomba asomewe, hilo lisingetoka kinywani mwake.

"Mchungaji," alisema, akimrudishia, "hizi ni saa za baridi. Huku kaskazini tunaongeza moja. Njia inafungwa saa kumi. Imbeni mpaka mkauke koo."

"Una hakika?"

"Binti, mimi maji haya nimeyajua kabla mama yako hajajua kutambaa."

Lowri alikitazama kijitabu, akamtazama Idwal, akakitia mfukoni.

Mchana, kabla ya ibada, gari moja la wageni likaegeshwa mbele ya lango la shamba. Likatoka jitu la mtu, Bwana Faulkner, kutoka Wolverhampton, na mkewe na mtoto wao wa kiume mwenye mabega kama ya baba. Walikuwa wametoka kuliona kaburi la kale la mawe pale juu ya Porth Trecastell. Idwal aliwawakia. "Gari lako limekaa kama ng'ombe anayezaa njiani! Trekta lipite wapi, hewani?" Faulkner akaomba radhi, akalisogeza gari. Idwal akaongeza moja la kusindikiza kuhusu akili za watu wa mjini, na watu waliokuwa wakishuka kwenda ibadani wakacheka.

Waumini wakavuka. Bibi Morfudd Rowlands, mkongwe kuliko wote, alishikwa mkono na mwanawe Emlyn. Alibatizwa katika kanisa lile, na kila mwaka alisema hii ndiyo mara yake ya mwisho, na kila mwaka alikuja na kofia mpya. Idwal alifungua mlango, akakaa benchi la nyuma, akakunja mikono tumboni. Kanisa lilijaa. Mahubiri ya Lowri yalikuwa mafupi, juu ya Petro na wavu wake. Kisha wakaimba, na sauti zote nne, nyembamba na nene, zilipokutana chini ya dari ile ya chini, Idwal alifumba macho, akawa na furaha. Sitaki kumnyima hilo. Alikuwa na furaha kamili, mpaka Emlyn alipofungua mlango na kusema neno ambalo halisemwi kanisani.

Njia haikuwapo. Mawe yote yalikuwa yamefunikwa na maji yalikuwa yakipita kwa kasi, ya kijani, baridi. Vijana waliruka na kuvuka, mapaja yamelowa. Akina mama wakavua viatu. Bibi Morfudd alifika ngazi ya mwisho, akaangalia, akasema, "Mimi nitalala hapa na Mtakatifu Cwyfan." Lakini bamvua ile ingemfungia huko mpaka usiku, na upepo ulikuwa umegeuka. Emlyn akajaribu kumbeba mgongoni. Katikati mguu wake ukateleza kwenye mwani, wakaanguka wote wawili.

Aliyewafikia kwanza, akitokea ufukweni, alikuwa Faulkner. Aliingia na viatu vyake na saa yake, mwanawe nyuma yake, akamnyanyua Bibi Morfudd kama mtu anavyonyanyua mtoto aliyelala, akamvusha. Akarudi kumchukua mama mwingine. Akarudi tena. Mwisho akarudi kumchukua Idwal, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi na ufunguo mkononi, asijue pa kukanyaga, kwa sababu yeye hakuona jiwe wala maji, aliona mng'aro tu.

"Nishike shingo, baba," Faulkner alisema. Idwal alitamani mtu huyo amtukane.

Ufukweni Bibi Morfudd alikuwa amefungwa makoti ya watu, midomo imekuwa ya buluu, kofia mpya imekwenda na maji. Emlyn alikuwa anatetemeka, nusu kwa baridi, nusu kwa hasira.

"Nani alisema tuna muda?" alifoka. "Nauliza! Mama yangu angekufa! Nani alisema tuna muda?"

Watu wote waligeuka. Hawakumgeukia Lowri, walimgeukia Idwal. Na Idwal, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa neno, akalipata neno.

"Muda ulikuwapo," alisema. "Mahubiri ndiyo yalikuwa marefu."

Alilisikia likitoka. Angeweza kulikamata bado. Aliacha liende.

Lowri alikuwa amepiga magoti akimsugua Bibi Morfudd miguu. Hakuinua kichwa. "Ni kweli," alisema. "Kosa ni langu. Nisameheni."

Gari la wagonjwa likaja, likamchukua Bibi Morfudd. Kifua kikamshika, akalazwa Bangor.

Siku zilizofuata ndizo zilizomla Idwal. Dukani watu walikuwa wakali. Dilwyn alisema binti yule hana habari na bahari, kwao ni makaa ya mawe tu. Mwingine akasema binti yule anapenda kusikia sauti yake mwenyewe. Idwal alisimama mbele ya kaunta na mkate wake, na kila mtu akangoja aongeze chumvi, maana ndiyo kazi yake. "Ah, ni kijana bado," alisema tu, akatoka. Walimsifu kwa huruma yake. Alikwenda nyuma ya basi lililoegeshwa, akasimama huko na mkate wake. Aibu ilimvaa mwili mzima, ikamtoa jasho.

Jumapili iliyofuata mabenchi yalijaa nusu tu. Emlyn na ukoo wake hawakuja. Halafu likaja tangazo kwamba baraza la parokia litakaa ukumbini, shemasi mkuu atahudhuria, wajadili kama ibada za kijisiwani ziendelee, na kama Mchungaji Bebb abaki au apelekwe pengine.

Eluned alisubiri mpaka sahani zilipokwisha kuoshwa.

"Juzi ulimwagilia maji maua ya plastiki ya dada yangu," alisema.

"Nilikuwa natania."

"Idwal, hakuna mtu mwingine jikoni. Usinitanie mimi." Alikausha mikono. "Ulisoma kile kijitabu, au hukusoma?"

Alianza kusema jambo kuhusu saa za baridi, likamfia mdomoni. Kisha akalia, mzee yule, kwa sauti mbaya ya mtu asiyezoea kulia, na Eluned hakumkumbatia mara moja. Alimwacha kidogo.

"Sitakusemea," alisema baadaye. "Nimekufulia, nimekupikia, nimekufichia macho yako kwa dada yangu. Hili utalibeba mwenyewe ukumbini."

"Watanicheka mpaka nife."

"Basi watacheka. Wewe umewacheka mpaka wengine wamekufa."

Ukumbi ulijaa siku ile kuliko kanisa. Chai ilikuwapo na mkate wa zabibu uliopakwa siagi, na hakuna aliyeugusa. Shemasi mkuu alikaa mbele, mtu mpole mwenye mafua. Lowri alikaa pembeni yake, mikono mapajani. Bibi Morfudd alikuwa ametoka hospitali, amekaa mstari wa mbele amefungwa shali, na Emlyn kando yake amekunja uso.

Emlyn alizungumza kwanza, akayamwaga yote. Hakutaka mtu afukuzwe, alisema, lakini mchungaji asiyejua kunyamaza ni hatari kwa wazee. Lowri akainamisha kichwa, akaitikia.

Idwal alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Alishika bega la mtu aliyekaa mbele yake, asijue hata ni la nani.

"Mahubiri yalikuwa mafupi," alisema. "Nyote mlikuwapo. Mlisikia. Yalikuwa mafupi. Alinipa kijitabu asubuhi, akaniambia saa tisa. Mimi nikasema saa kumi. Sikusoma. Siwezi kusoma. Macho yangu yana mtoto wa jicho, mwaka wa pili sasa, na pale ufukweni nilipoulizwa nikamsingizia huyu binti. Morfudd, nusura nikuue. Na nikasema uongo juu yake. Basi. Ndiyo hayo."

Akangoja wacheke. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko hicho usiku kucha. Alikuwa hata ameshabuni jina watakalompa, kwa kuwa yeye ndiye angelibuni kama angekuwa upande wao: Idwal Kipofu wa Maji. Alisimama akiwa ameinamisha shingo, kama mtu anayengoja ndoo ya maji baridi.

Hakuna aliyecheka.

"Keti, Idwal," alisema Bibi Morfudd, sauti bado ina kikohozi. "Tuliona."

"Mliona nini?"

"Maji. Mimi nilikuwa dirishani. Niliyaona yanaingia tulipokuwa wimbo wa pili."

Halafu Dilwyn, huko nyuma, akakohoa. "Mimi niliyaona wimbo wa tatu," alisema. "Nilimgusa mke wangu. Akaniambia nyamaza, Idwal yupo."

"Hata mimi," alisema mwanamke mmoja. "Nilifikiri labda ndivyo yanavyokuwa siku ya bamvua. Nikasema moyoni, Idwal angejua."

Mwingine akasema jiwe kubwa la njiani lilikuwa limekwisha kufunikwa kabla ya ubeti wa mwisho kurudiwa. Naye aliurudia pamoja na wenzake. Emlyn alikuwa akiwageukia mmoja baada ya mwingine, mdomo wazi, kisha akatazama viatu vyake, maana yeye pia alikaa upande wa dirisha.

Lowri akasimama. Uso ulikuwa mweupe.

"Sikubeba kosa la mtu," alisema. "Msinisifu kwa hilo. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na mimi nilikuwa nimeuelekea. Niliona maji yanaanza kugusa mawe nikiwa bado nahubiri. Na kile kijitabu, Mzee Idwal, nilikuwa nimekisoma chote, na ule mstari wa chini nao niliusoma. Nilijua ni saa tisa. Nilipiga magoti pale ufukweni nikimsugua Bibi Morfudd miguu, na nilijua."

"Sasa kwa nini," Idwal alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, "kwa nini hakuna hata mmoja wenu aliyefungua mdomo? Watu kanisa zima! Mnaona bahari inaingia, mnakaa mnaimba?"

Shemasi mkuu alipenga kamasi. Watu walitazama sakafu, walitazama vikombe vyao, Dilwyn alivuta suruali yake magotini.

"Kwa sababu ungetusema," alisema Bibi Morfudd. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemweleza mwenziwe njia ya kwenda posta. "Ningesimama nikasema maji yanakuja, na kama ningekuwa nimekosea, ungenisema mpaka kaburini, na kaburini ungenisindikiza na kichekesho. Mimi ni mzee, Idwal. Nikaona afadhali nilowe."

Idwal alifungua mdomo. Jibu lilikuwapo, likamjia lenyewe kama yalivyomjia yote tangu enzi za lori, jibu zuri, juu ya Morfudd na kofia yake, na lingewavunja mbavu wote, hewa ikasafishika, kila mtu akaenda nyumbani. Akavuta pumzi ya kulisema.

Vijiko vilitulia. Yule ambaye Idwal alikuwa amemshika bega alijikaza chini ya mkono wake, misuli ikawa migumu, kama mnyama anavyofanya anapoona fimbo imeinuliwa. Lowri, aliyekuwa bado amesimama, alirudi nyuma nusu hatua na masikio yake yakaanza kuwa mekundu, kabla hajaambiwa chochote.

Idwal aliuondoa mkono wake begani mwa mtu yule. Akapapasa nyuma kutafuta kiti, akakumbuka kimeanguka, na akabaki amesimama mbele yao wote akiwa na jibu lake mdomoni, asilitoe, mpaka Eluned alipoinuka akakiinua kiti na kumkalisha.